Boksi la plastiki la lita 45 la kuwekea nyuzi za kufumia: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua Kampala

Boksi lenyewe ni la plastiki angavu, lina kifuniko chenye vibana viwili na magurudumu manne madogo. Nililinunua Kikuubo, eneo la maduka katikati ya Kampala, kwa shilingi 42,000, na limeshapita mvua za Septemba hadi Novemba na za Machi hadi Mei. Ndani nimeweka kwa nyakati tofauti akriliki za sweta za shule, nyuzi laini za watoto wachanga na madonge machache ya sufu halisi. Kwa akriliki nalipatia nyota tano. Kwa sufu na pamba nalipatia tatu, kwa sababu kifuniko kinachozuia unyevu usiingie kinazuia pia usitoke.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Uzi umenunuliwa siku ya mvua, umepakiwa na kaveera lake (mfuko wa plastiki), boksi likafungwa tap! Baada ya wiki mbili tatu unafungua unakutana na uvundo, na pamba nyeupe imeshatoa vidoa vya ukungu ambavyo hata jiki haiviondoi vyote. Kila donge litoe kwenye kaveera, liache kivulini penye upepo saa 24, ndipo liingie. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya usivitupe: vitano au sita pembeni vinatosha. Mchele usiweke, unafyonza kidogo sana na unakuletea fukusi. Mara moja kwa mwezi, siku kavu, fungua kifuniko kwa muda wa saa mbili mchana. Na boksi lisikae juu ya sakafu ya saruji moja kwa moja, maana sakafu hiyo hutoa baridi na unyevu wakati wa mvua. Matofali mawili chini yanamaliza tatizo, na hapo magurudumu hayana kazi tena. Ukipata lisilo na magurudumu kwa bei ya chini, chukua hilo.

Uangavu wake ni raha, unaona rangi bila kupekua. Lakini jua la dirishani nalo linaona: nyekundu na bluu zinapauka upande mmoja wa donge, na hutagundua mpaka mkono wa sweta umefika nusu. Litupie kipande cha kitenge.

Linabeba madonge 36 ya gramu 100, tabaka tatu za 12, bila kushindilia. Ukilazimisha 50 yataingia, ila uzi uliobanwa miezi kadhaa unalala na kupoteza uchangamfu wake. Kosa hilo hilo hutokea ukikunja donge kwa kuvuta kama unafunga mzigo wa boda. Uzi unatanuka, unafuma ukiwa umetanuka, unapima, vipimo viko sawa. Sweta ikifuliwa mara ya kwanza uzi unarudi na sweta ya mtoto wa miaka minane inamfaa wa sita. Kunja juu ya vidole vinne, mizunguko 20, chomoa vidole, geuza upande, endelea. Vidole ndivyo vinavyoacha nafasi ya uzi kupumua.

Sasa sufu. Nondo mwenyewe hali kitu, viwavi wake ndio wanaotafuna. Wanapenda sufu na nywele za wanyama, na akriliki wanaigusa ikiwa na jasho au mafuta ya chakula. Kwa hiyo usichanganye sufu na akriliki. Lebo ikipotea, kata sentimita tano, shika kwa koleo juu ya beseni la maji, washa. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanapukutika. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Sufu ya mtumba uliyoifumua ipitishe kwanza kwenye friza: kaveera lililofungwa vizuri na kutolewa hewa, saa 72 kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, hesabu inaanza upya. Ukitoa, usifungue kaveera mpaka saa 24 zipite, vinginevyo mvuke wa hewa utalowanisha uzi na utakuwa umerudi kwenye ukungu.

Zile tembe nyeupe za nondo, nafthalini, kwenye boksi la nyuzi za watoto wachanga haziingii kabisa. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kupasukiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvaa nguo iliyohifadhiwa nazo, na upungufu huo ni wa kawaida katika sehemu zenye malaria ya miaka mingi, kama hapa kwetu. Harufu kuisha si uthibitisho kwamba dawa imeisha.

Sindano nilijaribu kuziweka humo humo, nikazitoa. Za alumini hazina neno, ila spoku za baiskeli zilizonolewa, ambazo wafumaji wengi bado wanazitumia kwa kazi nyembamba, zinashika kutu, na doa la kutu kwenye uzi mweupe ndio basi tena. Kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 40, chini ukiziba kwa kitambaa, kinabeba sindano zote. Spoku ipake tone la mafuta ya cherehani, kisha uifute mpaka kitambaa kitoke safi. Sindano za mviringo zenye waya uliojikunja, chovya waya kwenye maji ya moto dakika moja, unyooshe, uache upoe. Na andika namba kwa mfumo mmoja: namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, namba 10 ni 3.25. Lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na hapo ndipo sweta inapogeuka kanzu.

Ndani ya boksi nimegawa kwa loti ya rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa mkupuo mmoja kiwandani, si kwa rangi tu. Bluu ya sweta ya shule yenye loti mbili tofauti inafanana dukani chini ya taa. Nje juani, mabega yanaonekana kama yametoka sweta nyingine. Lebo moja ya kila loti naibana kwa pini kwenye donge la mwisho, ambalo haliguswi mpaka kazi iishe. Ukikwama na loti mbili, fuma mistari miwili ya donge hili, miwili ya lile, kwa sentimita kumi hivi. Mpaka unafifia, ingawa jicho la fundi mwenzako utalidanganya kwa shida.

Kilichobaki kwenye donge kipime kwa mizani ya jikoni. Lebo ikisema gramu 100 ni mita 240, na mizani ikasoma 37, una mita 88 na ushei. Mstari mmoja wa ufumaji wa kawaida hula mara tatu hadi tatu na nusu upana wa kipande. Kwa upana wa sentimita 40 weka mita 1.4, yaani mistari 63. Kufunga mishono, yaani kumalizia kipande kisifumuke, kunataka mara nne ya upana, ondoa hiyo kabla hujajipa moyo. Huna mizani? Kunja uzi uliobaki katikati, piga kitanzi legevu pale unapokunjika, fuma mstari mmoja. Kitanzi kikikufikia kabla ya mwisho wa mstari, uzi hautoshi mstari wa pili. Fungua kitanzi, funga mishono.

Uzi uliofumuliwa usirudi boksini ukiwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa vipande vya uzi bila kukaza, loweka dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, tundika bila uzito wowote chini. Akriliki usiipige pasi kuharakisha. Joto linaiua, inalegea na hairudi.

Kasoro ya boksi lenyewe ni vibana. Kimoja kilipasuka mwezi wa saba kwenye bawaba, na boksi zingine za aina hii nilizoziona zimepasuka hapo hapo. Usivute kibana kutoka ncha. Bonyeza kifuniko kwa kiganja kwanza, kisha achia kibana. Mimi sasa nafunga upande huo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita tatu, na unabana kuliko kibana kilivyobana kikiwa kipya.