Faili la pete kwa usomaji wa tamthilia: zuri, ila matundu yaangaliwe

Msimu wa usomaji, yaani waigizaji kuisoma tamthilia mbele ya watazamaji wakiwa na mswada mkononi, ukipamba moto, mwandishi hubadilisha kurasa hadi siku yenyewe. Hapo faili la pete, lile lenye pete zinazofunguka za kushikia karatasi, huushinda kabisa mswada uliobanwa kwa stepla: unachomoa ukurasa wa 34, unaweka mpya, basi. Pete za sentimita 2.5 zinabeba vizuri kurasa 90 za A4 zilizochapwa upande mmoja.

Udhaifu wake ni matundu ya karatasi yanayopitisha pete. Yakichanika, karatasi huanguka mwigizaji akiwa katikati ya maneno yake. Yazungushie stika za duara mapema. Mifuko ya plastiki ya kuwekea kila ukurasa hatuipendekezi hata kidogo: inang'aa chini ya taa, na kila ikipinduliwa kelele hufika viti vya nyuma. Ukurasa wa nyongeza uitwe 34A, la sivyo namba zote zinazofuata zitavurugika.