Barolo kabla ya chakula: uzoefu wangu wa kuonja mvinyo Langhe

Glasi ya kwanza maishani mwangu ya Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, niliinywa nikiwa na njaa, na nusura niiteme. Ulimi ulikauka, fizi zikakaza, kama mtu aliyebugia zambarau ambazo hazijaiva. Nikamtazama wifi yangu, naye akanitazama. Hii ndiyo iliyotutoa Torino alfajiri?

Tulikuwa Langhe, vile vilima vya mizabibu vya mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2014. Wifi anaishi Torino, mimi nilikwenda kumtembelea mwezi wa kumi. Tulipanda treni mpaka Alba, kisha teksi hadi kwa familia moja inayotengeneza mvinyo karibu na kijiji cha Barolo. Jina lao silitaji, maana si yote nitakayosema ni sifa. Malipo yalikuwa euro 35 kwa kila mtu: glasi tano na sahani za chakula za kusindikizia.

Asubuhi ile ukungu ulilala mabondeni, vilele vikabaki juu kama visiwa. Wenyeji wanauita nebbia, na wengi husema zabibu yao kuu, nebbiolo, ile ya kutengenezea Barolo, imepata jina humo, kwa kuwa huchelewa kuiva na kuchumwa wakati wa ukungu. Mie nimekulia Dodoma, kwa hiyo zabibu hainishangazi. Kijana aliyetuhudumia aliposema wanavuna mara moja kwa mwaka, nikamwambia kwetu ni mara mbili. Aliacha kumimina, akauliza kama namtania. Nikamweleza kwamba Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiupogoa na kuumwagilia, unachipua tena. Kwa dakika kumi hivi, maswali yote aliuliza yeye.

Sasa kasoro. Jikoni walichelewa, na badala ya kutungojesha kidogo, kijana akaanza na Barolo, ndiyo wanayojivunia, wakati mezani hakuna kitu zaidi ya vile vijiti vikavu vya mkate wanavyoviita grissini. Mvinyo huo kwa sheria hauuzwi mpaka utimize angalau miezi 38, kati yake 18 ndani ya pipa la mbao. Wote waliusubiri miaka mitatu na zaidi, halafu wakashindwa kusubiri sahani robo saa!

Rangi yake usidanganyike nayo. Ni nyekundu iliyopauka, ukiinua glasi unaona vidole vyako upande wa pili, ukadhani ni mvinyo mwepesi. Harufu ni ya waridi, na chini yake kuna kitu kama lami ya barabara mpya. Nilicheka niliposikia kwamba hata wataalamu wao huitaja hiyo lami. Ila mdomoni ni ukakasi mtupu. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na ni wa aina ile ile ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Chai tunaitulizia maziwa. Sisi hapo hatukuwa na chochote, kwa hiyo nilisogeza glasi pembeni ikiwa nusu.

Sahani ya kwanza ilipofika, ndipo akatuletea mvinyo mweupe, Roero Arneis, unaotoka ng'ambo ya mto Tanaro. Sahani yenyewe ni vitello tonnato: nyama ya ndama iliyochemshwa na kupozwa, ikakatwa nyembamba, kisha ikafunikwa mchuzi mzito wa samaki jodari. Nyama na samaki sahani moja! Wifi alisema kwao Tanga ungetengwa na ukoo. Lakini ulikuwa mlo mtamu, na Arneis ilikaa nao vizuri: inanukia peasi, haina ugwadu mwingi, na mwishoni inaacha uchungu kidogo wa lozi unaokata ule unono wa mchuzi. Kwangu hii ndiyo jozi bora ya siku nzima, na nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya mwekundu.

Dolcetto nipite haraka. Kwa Kitaliano jina lina utamu, mvinyo hauna. Ni mkavu, wa kunywa na chakula cha kila siku.

Barbera, mwekundu mwingine, ikaja na agnolotti del plin, vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, na plin ni kule kufinya kwa vidole ili vifunge, kama mtu anavyobana ukingo wa sambusa. Barbera ina ugwadu wa kuamsha mate na ukakasi mdogo sana, ndiyo maana haigombani na mafuta. Hapo wakatuuliza kama tunataka truffle, uyoga mweupe unaochimbwa ardhini na kuifanya Alba ijae watu msimu huo. Tukaitikia. Waliukwangua juu ya sahani, wakaupima kabla na baada kwenye mizani ndogo kama ya sonara, na bili ikaongezeka euro 30 ambazo hatukuambiwa mapema. Harufu yake sitaisahau, na bei pia.

Mwisho ukaja brasato, nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya Barolo yenyewe. Nikakumbuka nusu glasi yangu. Nikatafuna nyama, nikanywa, nikanyamaza. Ulikuwa mvinyo ule ule, ila ukakasi umeshikana na nyama na mafuta, na nyuma yake limetokea tunda ambalo asubuhi sikuliona kabisa. Glasi kukaa wazi muda wote huo nako kulisaidia. Wifi alikuwa ameshamaliza yake; nilimwonjesha funda moja tu.

Tulinunua chupa nne tukazijaribu Torino na chakula chetu. Barbera na pilau ya ng'ombe vinaelewana bila ugomvi. Langhe Nebbiolo, mdogo wake Barolo kwa umri na bei, ilishindwa na kachumbari: pilipili mbuzi ilichochea kilevi na ukakasi mpaka koo likawaka. Arneis ilizama kwenye tui la samaki wa kupaka, sikuipata tena. Moscato d'Asti, ule mtamu wenye povu kidogo na kilevi cha asilimia 5 hivi, ndio pekee uliotuliza pilipili, na sikuutegemea.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mvinyo ungestahili tano. Mbili nimekata kwa kumtanguliza Barolo na kwa ile mizani. Ukienda, uliza bei ya truffle kabla hawajaanza kukwangua, na omba chakula kifike kwanza.

Nimerudi Dodoma na chupa moja ya Barolo, niliizungushia kanga mbili ndani ya sanduku. Sasa imelazwa chini ya kitanda, sakafuni, ndipo penye ubaridi kidogo. Mume wangu anauliza tunaifungua lini. Nimemwambia alete nyama ya ng'ombe kilo mbili, na ailete asubuhi.