EditorConfig au Prettier kwa timu yenye vihariri tofauti

Mmoja yuko Mwanjelwa na VS Code, mwingine Uyole na Neovim, wa tatu Iringa na IntelliJ, mradi mmoja. Bila utaratibu, kila badiliko la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) linajaa tofauti za nafasi na tabo, na kosa la kweli ndani ya msimbo halionekani.

EditorConfig ni faili dogo, `.editorconfig`, kwenye folda kuu ya mradi. Linaeleza tabo au nafasi, upana wake, mwisho wa mstari. IntelliJ hulisoma lenyewe, Neovim pia tangu toleo la 0.9, VS Code inahitaji kiendelezi. Msimbo uliokwisha kuandikwa hovyo haliunyooshi.

Prettier, programu ya mwaka 2017, huuandika msimbo upya: hukata mistari mirefu, husawazisha alama za nukuu. Inahitaji Node.js, programu ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari. Bainisha toleo moja lisilobadilika kwenye `package.json`, faili linaloorodhesha vifurushi vya mradi, na kila mtu atapata matokeo yale yale kwa kihariri chochote. Hili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu ubishi wa mtindo unakwisha.

Kwa JavaScript, chagua Prettier, na iendeshwe kabla ya kila komiti (kuingiza badiliko kwenye Git), si wakati wa kuhifadhi faili peke yake. Upana wa nafasi uandike kwenye `.editorconfig`, Prettier hulisoma. Kwa mradi wa Python, anza na EditorConfig.