Leptopu ya mtumba, Linux Mint, na jiwe lililosingiziwa

Kwa wenye haraka: leptopu yenye kadi ya waifai ya RTL8723BE inakwenda vizuri tu kwenye Linux (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, badala ya Windows), ila kuna mstari mmoja wa kuandika kabla hujaanza kuilaani. Mimi niliilaani wiki tatu.

Niliinunua mtumba hapa Mwanza mjini kwa ajili ya steshenari yangu ya Nyegezi: kuchapa ripoti za wanafunzi, kuskani vyeti, kutuma fomu. Ilikuja na Windows inayojikokota, nikaifuta, nikaweka Linux Mint 21. Sauti, kamera, hata printa yangu ya zamani vilitambuliwa bila kuhangaika. Na waifai ilionekana, na hapo ndipo iliponipoteza. Kama kadi isingeonekana kabisa ningejua draiva (programu inayoiendesha kadi) haipo, nikatafute. Hii ilionyesha majina ya mitandao kama kawaida, ila ukitaka kuunganisha inazunguka weee, kisha inakudai nywila upya kana kwamba umekosea.

Ninaishi Igogo, juu mlimani, na anayeijua Igogo anajua nyumba zetu zilivyobanana na mawe. Ruta iko sebuleni kwa baba mwenye nyumba, bando tunachangia. Kati ya sebule hiyo na chumba changu kuna jiwe kubwa ambalo mjenzi alishindwa kulivunja, akaupitisha ukuta juu yake. Nikilalamika mtandao haufiki, mzee ananijibu, "Mwanangu, hilo jiwe ndilo linameza." Nikamwamini. Kila jioni nikawa nabeba kiti, "Shikamoo baba", nakaa jirani na ruta huku familia inaangalia taarifa ya habari. Pale mtandao unashika. Nikisogea hatua nne, umekwenda.

Simu ndiyo iliyonifumbua macho. Usiku mmoja niko kitandani, video inacheza kwenye simu bila kukwama, na leptopu iko hapohapo kando ya mto, haipati kitu. Jiwe gani hilo linalobagua?

Fundi niliyempelekea aliiwasha, akaitazama dakika mbili: "Dada, kadi imekufa hii, tubadilishe." Alitaka 45,000. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nayo.

Nikafungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri. Amri ya lspci -nnk ilinionyesha kadi na draiva inayoiendesha, rtl8723be, kwa hiyo habari ya kufa haikuwepo. Kisha nikiwa chumbani, kila ilipokubali kushika kwa sekunde chache, nikapiga iw dev wlp2s0 link (jina wlp2s0 laweza kuwa tofauti kwako, amri ya ip link itakuonyesha). Ikasoma -83 dBm. Namba hizi ni hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Ukiona -50 uko vizuri, ukiona -83 unasikia mnong'ono.

Nikachukua bisibisi nikafungua mfuniko wa chini. Kadi ina matundu mawili ya antena, na waya umechomekwa kwenye tundu moja tu. Jingine liko wazi. Walioiunganisha leptopu hii walibana matumizi, na kumbukumbu iliyo ndani ya kadi haimwambii draiva ukweli kuhusu tundu lenye waya. Basi kompyuta ilikuwa inasikiliza kwenye sikio lisilo na kitu. Pembeni ya ruta inasikia, kwa sababu pale hata kiziwi angesikia.

Amri ya modinfo -p rtl8723be inaorodhesha vitu unavyoweza kuiamuru draiva, na kimojawapo ni ant_sel, yaani kuchagua antena, 1 au 2. Nikajaribu kuitoa draiva na kuirudisha ikiwa na chaguo hilo:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=1

Hakuna kilichobadilika. Nikarudia kwa ant_sel=2, nikapima: -49. Nilicheka peke yangu. Kila tofauti ya 10 kwenye kipimo hiki ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo 34 ni zaidi ya mara elfu mbili, na jiwe liko palepale.

Ukizima na kuwasha mabadiliko hayo yanapotea. Kuyafanya yadumu:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Nimeshasasisha kerneli (kiini cha Linux) mara kadhaa tangu hapo, na faili hilo halijaguswa.

Kulikuwa na kero ndogo ya pili: nikiiacha dakika chache mtandao unasinzia. Huko ni kubana umeme. Fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, pale penye wifi.powersave = 3 weka 2, anzisha upya NetworkManager (programu inayosimamia mtandao). Betri inaliwa kidogo zaidi, sijali, dukani nachomeka ukutani.

Kuna mambo amri haiwezi kuyatibu. Kadi hii inajua mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz tu. Mteja akiniwashia hotspoti ya simu iliyowekwa 5 GHz siioni hata jina, inabidi nimwombe abadilishe kwenye mipangilio yake, na wengine wananitazama kama nawatapeli. Bluetuthi nayo iko kwenye kadi hiyohiyo. Nikipakua faili kubwa huku nasikiliza muziki, spika inakatakata.

Naipa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya ule waya uliokosekana. Kiti nimekirudisha chumbani. Baba mwenye nyumba ameshamuuliza mkewe mara mbili kama nimenuna.