Kilomita 5 au nusu marathoni: mbio za kuchangia watoto mjini Tanga

Anayetaka kukimbia Tanga ili kuchangisha fedha za matibabu ya watoto ana njia mbili za kupima: mbio za kilomita 5, au nusu marathoni, yenye kilomita 21.1.

Mbio fupi humtaka mtu asiyezoea kukimbia afanye mazoezi ya wiki 8 hivi, akitembea na kukimbia kwa zamu mara tatu kwa wiki. Nguvu yake ni wingi wa watu, kwa kuwa hata bibi na mjukuu wake wanaweza kulipa ada ndogo na kushiriki pamoja.

Nusu marathoni ni kazi nyingine kabisa. Hudai wiki 12 hadi 16, na katika mwambao wetu umbali si mzigo pekee, kwani hewa ikijaa unyevu jasho halikauki upesi na mwili haupoi; ndiyo maana ni afadhali kuanza safari ya Raskazone, mtaa wa ufukweni mjini Tanga, mara baada ya swala ya alfajiri, jua likiwa bado halijapanda. Hata hivyo, taabu hiyo huwagusa wachangiaji: jirani aliyeahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita atatoa 21,000 badala ya 5,000, na miezi ya mazoezi humpa mkimbiaji nafasi ya kuwafikia watu msikitini, kanisani na kazini.

Kwa kikundi kinachoanza ningechagua kilomita 5, mradi gharama za fulana na maji zitafutiwe mfadhili mapema, ili ada yote iwafikie watoto.