Pikapu isiibiwe: kipi ununue kwanza

Kama mfukoni una hela ya kifaa kimoja tu mwezi huu, usianze na traka. Najua inauzwa kila kona, na ukifungua simu ukaona pikapu yako imesimama Kibaha, moyo unatulia. Ila traka inakuambia gari limekwenda wapi. Kumzuia mwizi asiliwashe si kazi yake. Kwa hizi Hilux na Land Cruiser za zamani zisizo na funguo ya chipu (ile ambayo gari lenyewe huitambua), ambazo mwizi akizipiga dairekti, yaani akiunganisha waya bila funguo, zinanguruma, hela ya kwanza iende kwenye kitu kitakachozigomesha.

Namba moja: swichi ya siri

Ni rilei ya volti 12 (swichi inayoendeshwa na umeme), waya, na kitufe unachokijua wewe peke yako. Vifaa vyenyewe ni bei ndogo, unavipata Gerezani, Dar es Salaam, au duka lolote la spea za umeme. Unacholipia hasa ni akili ya fundi, na hapo ndipo wengi tunapoumia.

Mafundi wengi hukata waya wa stata na kuweka swichi hapo kwa sababu ndio rahisi kuupata. Gari la otomatiki litagoma kweli. Lakini pikapu ya dizeli yenye gia za mkono, wezi wawili wanaisukuma, wa tatu anaachia klachi, wameondoka nayo. Dizeli ya zamani haina plagi za kuchoma mafuta; ikizunguka na mafuta yakifika, inawaka. Kwa hiyo kinachotakiwa kukatwa ni mafuta. Kwenye injini za dizeli kama 3L ya Hilux au 1HZ ya Land Cruiser, angalia pampu ya dizeli: kuna solenoidi ndogo inayoingiwa na waya mmoja. Umeme ukifika hapo, dizeli inapita. Ukikatika, injini inazima. Mwambie fundi akate waya huo na aupitishe kwenye swichi ya siri, halafu kabla hujamlipa, swichi ikiwa imezimwa, mlisukume gari pamoja. Likiwaka, kazi haijaisha.

Mambo mawili usiyaache. Viungo vya waya vichomewe risasi, visisokotwe tu na kufungwa tepu, maana kiungo kikilegea injini inazima ukiwa mteremkoni na mzigo, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza nguvu. Pili, weka loki ya boneti. Mwizi anayejua pampu anaweza kuvuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi.

Namba mbili: loki ya gia

Kwangu ni bora kuliko ile fimbo ya kufungia usukani. Usukani ndani yake ni chuma chembamba; msumeno ukiukata, fimbo inachomoka nzima. Loki ya gia hufungwa sakafuni na kuikamata gia ikiwa kwenye rivasi. Unaponunua, tazama bolti zake: nzuri ni zile ambazo vichwa hukatika zikishakazwa, kwamba spana haina pa kushika. Kama zinafunguka kwa spana namba 13, mwizi naye anayo.

Namba tatu: traka

Sasa inunue, na uliza maswali. Ina betri yake ya ndani? Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za nani, na nani ataiongezea salio? Laini ikifungiwa, umebeba kopo. Kataa isifichwe chini ya dashibodi karibu na fyuzi, kwa kuwa hapo ndipo mwizi anapoanza kupapasa. Kama ina huduma ya kuzima injini kwa simu, hakikisha haizimi gari likiwa kwenye mwendo.

Kengele naiweka mwisho. Inalia lori likipita, inalia paka akiruka, na majirani wameshazoea.

Kuna wizi mwingine ambao vyote hivi havigusi. Nililala gesti moja Makambako, asubuhi gari lipo, tairi la spea halipo. Chini ya bodi linaning'inia kwa mnyororo mwembamba, na chuma chochote kilichopinda vizuri kikiingia kwenye tundu la nyuma kinaliteremsha taratibu bila kelele. Sikusikia kitu, na nililala mita tano tu kutoka hapo. Sasa nimepitisha mnyororo mnene kwenye matundu ya rimu hadi kwenye chesesi, na kufuli. Vioo na taa nimechora namba ya gari, kwa sababu kioo chenye namba ya mtu hakina mnunuzi wa haraka.

Bima ndogo, ile ya kulipa hasara za watu wengine tu, hailipi wizi. Gari likiondoka limeondoka lako. Ukikata bima kubwa, inayolipa na gari lako, tunza funguo zote mbili, maana gari likiibiwa unaweza kudaiwa zote. Na ukipeleka gari kuoshwa, toa funguo ya gari kwenye shada la funguo nyingine, kaa palepale mpaka wamalize. Kuchonga funguo ni kazi ya dakika chache.