Mashine ya presha ya kuoshea nyumba: uliza kwanza maji yatakwenda wapi

Mwaka jana nilinunua mashine ya presha kwa laki mbili na themanini, kwenye duka moja la vifaa hapa mjini Mwanza. Muuzaji aliimba "bar 200, dada, bar 200" (bar ni kipimo cha presha) mpaka nikatoa hela. Jumamosi yake nikaosha kuta na ua. Ukoga ulitoka, kweli. Lakini tope lilirukia ukuta niliotoka kuuosha, likashuka ngazini, likaingia uani kwa bibi wa nyumba ya chini, alipokuwa ameanika dagaa. Dagaa nimemlipa. Aibu ninayo mpaka leo.

Sisi wa mlimani Mabatini tumejenga juu ya mawe. Udongo ni mwembamba, maji hayana pa kuzama. Ukiyamwaga kwako yanateremka kwa jirani, yanaingia mtaroni, yanafika Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani, ziwa hilohilo linalotupa maji ya bomba. Kwa hiyo sikuulizi mota ina wati ngapi. Nakuuliza mambo mawili: mashine unayotaka kununua inatoa lita ngapi za maji kwa saa, na inakubali kichwa cha duara?

Kichwa hicho kinafanana na sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Ndani yake nozeli, yaani vitundu vya kurushia maji, zinazunguka karibu kabisa na sakafu, kwa hiyo tope halirukii ukutani. Ukitumia bomba refu la kawaida la kurushia maji unafuta mstari mmoja mwembamba, unachafua ulipokwisha safisha, unarudia, na muda wote huo maji yanamwagika. Kichwa cha duara hakinyonyi maji, hilo ulijue mapema. Ila yanatoka pembeni taratibu, na unaweza kuyaelekeza.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi, ni mashine ya kampuni ya Kärcher, aina ya K4. Upeo wake ni bar 130 na lita 420 kwa saa. Nusu saa ni lita 210, yaani ndoo kumi na nusu za lita 20. Kiasi hicho nakizuia kwa viroba vya mchanga pale getini na kukigeuzia kwenye migomba. Kichwa chake, T-Racer, unakichomeka kwenye bunduki, yaani mpini wa kurushia maji, bila kutafuta fundi.

Ya pili ni K2 ya kampuni hiyohiyo: bar 110, lita 360. Kwa veranda na ngazi inatosha sana. Ua mpana utakutoa jasho.

K5 naiweka ya tatu, na najua wengi wangeiweka juu. Ni bar 145, lakini ni lita 500 kwa saa. Mlimani, hizo lita 80 zaidi ya K4 ni za kumshushia jirani. Mwenye kiwanja tambarare kama Buswelu aichukue kwa amani.

Mashine za kampuni za Ingco na Total ni za bei nafuu. Ukizitaka, kichwa cha duara kifungwe hapohapo dukani uone, maana viungio vya kampuni tofauti mara nyingi havilingani.

Fagia kwanza pakiwa pakavu, vumbi lote lizolewe. Tope litakalobaki nyuma ya viroba lizoe kwa koleo likikauka, usilisukumie mtaroni. Sabuni iache kabisa: fosfeti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya sabuni, ni mbolea ya magugu maji, na wavuvi wa Mwaloni Kirumba wameshateseka nayo vya kutosha.

Kinachoniuma ni wauzaji. Bar wanaziandika kwa herufi kubwa, lita hawazitaji. Ukiuliza kichwa cha duara wanakuonyesha brashi ya kuoshea gari. Bei nayo inapanda wakiona umeshuka kwenye gari, na ukimtuma kijana wako inashuka. Mimi siku hizi namtuma mdogo wangu na karatasi yenye maneno matatu: lita, kichwa, risiti. Kimoja kikikosekana, anarudi na hela yangu.